Duara jeupe juu ya kichwa cha biharusi

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mwanga uliotokea pichani bila ya kualikwa. Tumechagua tano.

Assalaam alaykum. Usiku wa harusi ya mdogo wangu tulipiga picha uani kwa simu. Picha tatu zina maduara meupe yanayoelea, moja limekaa juu kabisa ya kichwa cha biharusi. Bibi yetu anasema ndani yake anaona uso, na tangu hapo nyumba haina raha. Ni kitu gani? – Msomaji, Makunduchi

Waalaykum salaam. Mwambieni bibi, kwa heshima zote, kuwa huyo ni vumbi. Ua wa mchanga, wageni wanacheza ngoma: vumbi halikosi.

Flashi ya simu iko sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye lenzi. Chembe ikipita sentimita 10 mbele ya simu, inapigwa na mwanga huo na kuurudisha moja kwa moja ndani ya lenzi. Biharusi amekaa mita 2, yaani mara 20 mbali zaidi, na mwanga hupungua kwa mraba wa masafa. Kwa hesabu hiyo chembe inamulikwa mara 400 kuliko uso wa biharusi. Simu nayo imelenga mita 2, kwa hiyo kilicho karibu vile kinatanuka na kufifia kingo, kikachukua umbo la tundu la lenzi. Tundu la simu ni la mviringo, basi mnapata duara. Kamera kubwa ikifinywa tundu hadi f/11 (kipimo cha tundu dogo) hutoa umbo lenye pembe, na hatujasikia jini anayebadilika umbo kwa kufuata f/11. Kuhusu uso: jicho la binadamu likiona mabaka mawili na moja chini yake, limeshapata macho na mdomo.

Msituamini bure. Rudini ua ule ule usiku. Pigeni picha 10 kwa flashi, kisha 10 flashi ikiwa imezimwa na simu imeegemezwa kitini isitikisike. Halafu mtu afagie kwa ufagio wa chelewa hatua mbili mbele yenu, mpige nyengine 10 kwa flashi. Maduara yatajaa fungu la tatu na yatakosekana la pili. Msitumie moshi wa udi kwa jaribio hili. Chembe zake ni ndogo mno, zinatia ukungu tu. Wakati wa masika, manyunyu na hata pumzi ya mpigapicha hufanya kazi ile ile ya vumbi.

Harusi ijayo zimeni flashi, muweke taa pembeni, mita moja au zaidi kutoka kwenye simu. Vumbi litakuwepo, ila halitamulikwa usoni mwa lenzi.

Usiku wa tarehe 27 na 28 Mfungo Pili tulipiga picha bahari kutoka ufukweni. Zimetoka taa sita zinaelea hewani, mbili zimejikunja kama ndoana. Hakuna kisiwa upande ule. – Msomaji, Nungwi

Tarehe zenu zimeshajibu nusu ya swali. Siku hizo za mwisho wa mwezi mwandamo ni giza, na giza ndio wakati wa dagaa: boti zinatoka na taa kali kuwavuta samaki juu, kwani mbalamwezi ikiwepo taa haina nguvu. Mtu aliyesimama ufukweni, macho yakiwa mita 2 kutoka majini, anaweza kuiona taa iliyo mita 3 juu ya maji hata boti ikiwa kilomita 11. Akipanda ghorofani, mita 10, inafika kama kilomita 17. Chombo chenyewe hakionekani, taa tu.

Ndoana zinatokana na simu. Katika hali ya usiku simu hukusanya mwanga kwa sekunde 3 au zaidi, na boti haitulii kwenye mawimbi, hivyo taa inachora njia yake.

Kuelea je? Usiku upeo wa bahari hauonekani, jicho linaukisia chini zaidi. Wekeni simu juu ya tofali mchana, mpige picha, muweke alama, kisha usiku muirudishe pale pale. Mkizilinganisha picha mbili mtaona taa zimekaa juu ya mstari wa maji au karibu sana nao. Halafu tokeni tena tarehe 14 au 15 ya mwezi mwandamo, mbalamwezi ikijaa, mzihesabu taa.

Baada ya magharibi tumeona taa zaidi ya ishirini zimefuatana kama shanga, kimya, na kila moja ikazimika ilipofika mahali pale pale. Video tunayo. – Mwalimu wa skuli, Wete

Mwalimu, hizo ni setilaiti za intaneti za Starlink, zinazorushwa kwa mafungu tangu 2019. Siku za mwanzo baada ya kurushwa zinafuatana mstari mmoja, baadaye hutawanyika. Hazina taa, zinaakisi jua ambalo kwenu limeshazama. Ndio maana huonekana zaidi saa moja au mbili kabla ya jua kuchomoza au baada ya kuzama. Pale zinapozimika ndipo zinapoingia kwenye kivuli cha dunia, na kivuli hakichagui, kila moja inazimika ikifika. Ndege ingekuwa na nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, na nyeupe inayopepesa.

Kamera ya ulinzi dukani inaonyesha kitu cheupe kinapita karibu kila usiku. Mlinzi ameomba kuacha kazi. – Mfanyabiashara, Darajani

Tazama mambo mawili kwenye rekodi. Je, kitu hicho kimewahi kupita nyuma ya kaunta, au siku zote kinapita mbele ya kila kitu? Kinaacha kivuli sakafuni? Kama hakijifichi wala hakina kivuli, kipo sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi: mdudu, au uzi wa buibui (mdudu, si vazi) unaopepea.

Kamera hizi zina taa za mwanga usioonekana kwa macho zilizozunguka lenzi. Wadudu wakikusanyika hapo, humwita buibui. Futa kioo kwa kitambaa laini chenye maji kidogo kila wiki, kwani chumvi ya bahari nayo hutia ukungu. Usipulizie dawa ya wadudu juu ya kuba la plastiki, litafifia moja kwa moja. Tiba hasa ni kuzima taa za ndani ya kamera na kufunga taa ya pembeni ya aina ile ile, mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye kamera. Mlinzi mwonyeshe rekodi ya kabla na ya baada.

Nimewatumia kwa WhatsApp picha ya mwanga wa buluu juu ya mikarafuu. Mnasemaje? – Msomaji, Mkoani

Bado hatusemi. WhatsApp imeikamua picha na kuondoa saa na mipangilio ya kamera. Itume upya kama faili, si kama picha, pamoja na picha zilizotangulia na kufuata, uandike saa, upande uliotazama na kama kulikuwa na radi.