Maswali ya Wasomaji: Kumsubiri Chui Milia, Kula Barabarani na Saa Moja na Sokwe

SWALI: Mhariri wa safu hii, nakusalimu. Najiandaa kwenda India mwakani, hasa kwa ajili ya kumwona chui milia katika Hifadhi ya Ranthambore. Rafiki yangu alikwenda huko, akazunguka hifadhini asubuhi moja tu, akarudi akiwa ameona mamba na tausi. Mwezi gani unafaa, na nifanye nini ili nisirudi vivyo hivyo?

JIBU: Salamu zako zimefika, nami nakushukuru. Rafiki yako alikwenda mahali panapofaa, ila muda aliojipa ulikuwa mfupi mno. Karibu robo tatu ya chui milia wote wa mwituni duniani wanaishi India, na Ranthambore, iliyoko katika jimbo la Rajasthan, ni miongoni mwa hifadhi za mwanzo kuingizwa katika mpango wa taifa wa kuwalinda wanyama hao ulioanzishwa mwaka 1973. Hata hivyo, chui milia hutembea peke yake, hujificha vizuri, na hana mazoea ya kulala uwandani mchana kweupe kama simba. Anayetaka kumwona ajipangie mizunguko kadhaa, ya asubuhi na ya alasiri, tena katika sehemu tofauti za hifadhi, kwa sababu kila gari hupangiwa sehemu yake na haliruhusiwi kuhamia nyingine hata kama habari zimeenea kwamba mnyama yuko ng'ambo ya pili ya kilima.

Kuhusu mwezi, uchaguzi ni kati ya raha ya mwili na uhakika wa macho. Kuanzia Novemba hadi Februari hali ya hewa hupendeza, ingawa alfajiri katika gari la wazi baridi hupenya hadi kwenye mifupa. Aprili, Mei na Juni ni miezi ya joto kali, mara nyingi zaidi ya nyuzi 40, majani yamepukutika na vidimbwi vimekauka, kwa hiyo wanyama hulazimika kuyafuata maji machache yaliyobaki, kama yale ya ziwa la Padam Talao. Mimi ningechagua Aprili, nikavumilia jasho. Julai hadi mwisho wa Septemba usipange kabisa, kwa kuwa ni majira ya mvua na sehemu kuu za hifadhi hufungwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni wengi hulipuuza, nalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: namna mnyama anavyotafutwa. Dereva mzuri hakimbizi gari huku na huko. Atasimama penye njia panda, azime injini, na yeye pamoja na mwongozaji watege masikio. Tumbili wa uso mweusi waitwao langur, wakiwa juu ya miti, humwona chui milia mapema na kupiga makelele. Kulungu wenye madoa nao huitikia, ingawa hao hushtuka ovyo na wakati mwingine hushtukia kitu kisichokuwapo. Mlio unaoaminiwa zaidi ni wa sambar, kulungu mkubwa wa rangi ya kahawia, ambaye kwa kawaida halii mpaka awe amemwona adui au amepata harufu yake. Ukisikia mlio huo mzito ukirudiwa, na dereva akawasha gari bila kusema neno, kaa vizuri. Tazama pia vumbi la barabarani, kwa sababu chui milia hupenda kutembea kwenye njia laini: nyayo zikiwa juu ya alama za matairi ya asubuhi ile, amepita baada ya gari la kwanza, wala hajafika mbali. (Na tausi, kwa haki yake, asidharauliwe, yeye naye hupaza sauti anapomwona mwindaji, na huenda alikuwa akimwambia rafiki yako jambo.)

Chagua gari dogo la watu sita badala ya lile kubwa linalobeba watu ishirini, kwa kuwa kimya ni kigumu kupatikana katika kundi kubwa. Nafasi za gari dogo huisha mapema, hivyo usingoje hadi ufike.

SWALI: Napenda sana kuonja vyakula vya wenyeji ninaposafiri, lakini naogopa kuumwa tumbo. Je, ni salama zaidi kula hotelini kuliko barabarani?

JIBU: Si lazima. Chakula kilichokaangwa mbele ya macho yako na kuletwa kikitoa moshi mara nyingi ni salama kuliko kile kilichokaa tangu asubuhi kwenye meza ya hoteli kikiwa vuguvugu. Tafuta kibanda chenye foleni ya wenyeji, kwa sababu penye wateja wengi chakula hakilali. Uwe mwangalifu zaidi na wali uliopoa na kukaa muda mrefu: kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kupikwa, kisha hutoa sumu wali ukikaa nje, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Pilipili nayo haiui vijidudu, hata ikiwasha namna gani. Matunda umenye mwenyewe, na barafu iulizie imetokana na maji gani.

Zingatia pia saa za wenyeji. Nchini Peru, kwa mfano, ceviche, yaani samaki mbichi aliyekolezwa ndimu, kitunguu na pilipili, kwa desturi huliwa mchana, siku ileile samaki alipofika sokoni, na migahawa mingi ya chakula hicho hufungwa alasiri. Ndimu huigeuza nyama ya samaki ikawa nyeupe kama iliyopikwa, lakini haiui kila kijidudu, kwa hiyo mjamzito au mwenye kinga dhaifu aiache. Kwa anayeanza na mwenye hofu, ningependekeza Singapore, ambako wachuuzi wa barabarani walihamishiwa katika majengo yenye maji ya bomba na ukaguzi wa afya. Utamaduni wao uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2020. Ukikuta pakiti ya karatasi laini juu ya meza tupu, usikae: mwenyewe ameishika nafasi na yuko kwenye foleni ya wali wa kuku.

Tumbo likichafuka licha ya hayo yote, kinachodhuru zaidi ni kupungukiwa maji, hivyo beba pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji safi. Ukiona damu au homa kali, nenda kwa daktari.

SWALI: Kwa nini tunaruhusiwa saa moja tu na sokwe wa milimani, wakati tunatembea msituni kwa saa nyingi kuwafikia?

JIBU: Kwa sababu sokwe hao huambukizwa mafua na magonjwa mengine ya kifua kutoka kwetu, na wote waliobaki ni zaidi kidogo ya 1,000, katika msitu wa Bwindi nchini Uganda na milima ya Virunga inayogawanywa na Uganda, Rwanda na Kongo. Ndiyo maana kundi halizidi wageni wanane, walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi, na kila familia ya sokwe hutembelewa mara moja kwa siku. Dakika za mwanzo weka kamera chini, uwaangalie wanavyochambua majani na watoto wanavyobebwa mgongoni. Picha zitapatikana baadaye. Ukiwa na kikohozi siku hiyo, mwambie mwongozaji kabla hamjaanza kupanda.