Ada ya chuo cha urembo na msaada wa masomo

SWALI: Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kujifunza ususi na upambaji wa bi harusi katika chuo binafsi. Mdogo wangu aliyeko Marekani anasema huko Serikali huwasaidia ada wanafunzi wa vyuo vya urembo. Je, mwanangu anaweza kupata msaada huo, au mkopo wa Bodi ya Mikopo?
Mama wa Wete, Pemba

JIBU: Bibi, mdogo wako amesema kweli, ila msaada huo haumfikii binti yako. Msaada wenyewe ni ruzuku ya Pell ya Serikali ya Marekani, ambayo kwa mwaka wa masomo 2024/2025 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Hupewa raia wa Marekani na baadhi ya wageni wenye haki ya ukaazi huko, tena katika vyuo vilivyoidhinishwa pekee. Na aghalabu ada ya chuo cha urembo huzidi kiasi hicho, hivyo wengi hukopa juu yake. Ama Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, jina lake linajieleza: hukopesha wa elimu ya juu, na cheti cha ususi ni mafunzo ya amali, yaani ya ufundi.

Kabla ya kulipa chuo binafsi, nenda kwanza kituo cha mafunzo ya amali cha Daya, Mtambwe, ambacho kimo wilayani kwenu, au cha Vitongoji, uulizie fani zinazofundishwa, ada yake na nafasi za uanagenzi, ambapo mwanafunzi hujifunza kazini chini ya fundi.

Ikiwa mtabaki na chuo binafsi, nakusihi sana usiridhike na ada uliyotajiwa kwa mdomo. Taka orodha iliyoandikwa inayoonesha sare, kichwa cha bandia cha kufanyia mazoezi, mikasi, mashine ya kukaushia nywele, vipodozi na ada ya mtihani, kwa sababu mzazi aliyejibana kulipa muhula wa kwanza hukwama hasa kwenye vifaa, na binti hukaa darasani akitazama wenzake wakisuka. Uliza pia cheti kinatambuliwa na nani, kama malipo yanapokewa kwa awamu, na kiasi gani kitarejeshwa binti akiugua au akiacha. Hina na singo, yaani msio wa kumsugulia bi harusi, asilipie kozi, maana hayo somo yake, yaani kungwi wake, atamfundisha nyumbani.

Chuo kikikataa kuyaandika haya, usitoe hata amana.