Ukiandika historia ya reli usianze na mwaka

Mimi nimezaliwa kota za reli Tabora, babu alikuwa wa genge, yaani wale wanaokaza nati na kubadilisha mataruma, yale yanayolala chini kubeba reli, kwa hiyo nilivyoanza kuandika kuhusu Reli ya Kati nikajua kila mtu ataipenda kama mimi. Makala ya kwanza niliijaza miaka tu: Mjerumani kaanza Dar 1905, Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Yote kweli. Dada yangu akasoma aya mbili akanirudishia simu, akaniuliza, "Sasa watu wa Tabora mbona hawamo?"

Nikaanza upya, safari hii na wapagazi. Kabla ya reli mzigo wa bara ulifika Bagamoyo mabegani mwa watu, wengi Wanyamwezi, miezi njiani. Mjerumani alivyopitisha reli aliifuata karibu njia ile ile ya misafara, ila ncha zote mbili akazihamisha: pwani akaanzia Dar kwa sababu Bagamoyo maji ni mafupi meli kubwa haisogei, na ziwani akaishia Kigoma akaiacha Ujiji pembeni. Hapo ndo msomaji anakaa vizuri, maana wengi wetu tumefika Bagamoyo tukashangaa mji mkubwa vile ulipoaje. Na ile kazi ya upagazi iliyomfanya kijana akaoa na kununua ng'ombe, ikafa mbele ya macho ya watu wenyewe. Andika hilo kwanza, mwaka utaingia wenyewe katikati ya sentensi na hakuna atakayeuruka.

Vitu vya kushika navyo vinasaidia sana. Ukimwambia mtu taruma ni la chuma kwa sababu la mbao lingeliwa na mchwa, ameshaelewa nusu ya shida ya ujenzi. MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, hivyo hivyo, imetengenezwa Papenburg kule Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa kwenye maelfu ya makasha, ikaungwa upya Kigoma ikaingia majini 1915.

Halafu wazee. Usimwambie mzee nisimulie historia, atakupa ile ya darasani aliyodhani unaitaka. Muulize siku ya mshahara ilikuwaje, nani alikuwa anabeba taa usiku, mama watoto alikuwa anauza nini treni ikisimama. Picha zake zipige kwa simu pale pale kwake, usiondoke nazo jamani, hizo ndo urithi wake.

Na uhakiki, hata kama unampenda. Mzee mmoja jirani yetu aliniambia tawi la Mwanza ni la Mjerumani na baba yake alilijenga, nikaandika hivyo hivyo, kumbe ni Waingereza waliolifikisha Mwanza 1928. Roho iliniuma kwa sababu jina la familia yake lilikuwa pale juu ya kosa langu. Nikarudi kwake taratibu, shikamoo, tukanywa chai, nikamwonyesha. Hakukasirika. Akanyamaza muda, akasema, "Ndo maana marehemu baba kila akihadithia mshahara wa reli alikuwa anataja shilingi ya Mwingereza, hajawahi kutaja rupia ya Mjerumani."

Nikaifuta aya yangu ya kwanza yote, makala ikaanza na maneno yake hayo.