Muulize Mwalimu wa Udereva: Nimpite mwenye baiskeli kwa nafasi gani?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa Fuso, napakia machungwa Muheza kupeleka Dar es Salaam. Majuzi, kabla sijafika Segera, nilimkuta mzee mwenye baiskeli amefunga madumu ya maziwa, na mbele kuna basi linakuja. Nikapiga honi, nikapita. Mzee akaipiga bodi yangu kwa kiganja huku akinitolea maneno makali. Utingo wangu anasema mzee ni mkorofi tu, honi aliisikia na nafasi nilimwachia. Sheria inataka nafasi kiasi gani?*
*Dereva wa machungwa, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza, maana wenzako wengi huishia kwenye maneno ya utingo.

Utingo wako amejibiwa na kile kiganja. Mkono wa mtu mzima haufiki mita moja. Kama mzee aliigusa bodi naye bado yuko juu ya baiskeli, basi hukumwachia hata mita. Na saiti mira yako inatokeza nje ya bodi, kwa hiyo yenyewe ilimpita karibu zaidi, usawa wa kichwa. Sidhani alikuwa anatafuta ugomvi na lori. Aliogopa kufa.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakukataza kuendesha kwa uzembe, bila kuwajali wengine walioko barabarani, na mzee wa maziwa ni mmoja wao. Kuhusu kipimo, wanafunzi wangu nawafundisha mita moja na nusu. Ujerumani tangu 2020 sheria yao inataka mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje. Uingereza, ambako wanaendesha kushoto kama sisi, waliandika katika mwongozo wao wa barabara mwaka 2022 kwamba ni angalau mita 1.5 kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, na ukikimbia zaidi uongeze nafasi. Barabarani huna futi kamba mkononi, kwa hiyo weka akilini hatua mbili za mtu mzima.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo madereva wengi wanapojidanganya. Tuseme upande wako wa lami una upana wa mita tatu na nusu. Mwenye baiskeli anakaa nusu mita kutoka ukingoni, na usukani na mzigo wake vinachukua nusu nyingine au zaidi. Hiyo ni mita moja. Ongeza mita moja na nusu ya usalama, umefika mbili na nusu. Umebakiwa na mita moja tu, na lori pana lina mita mbili na nusu! Maana yake, ili umpite salama, mita moja na nusu ya lori lako lazima iwe imevuka mstari wa kati. Hakuna ujanja mwingine. Mwenye baiskeli anapitwa kama unavyolipita gari: indiketa, unahamia upande wa pili, unapita, unarudi. Na kama upande wa pili kuna basi linakuja, hupiti. Siku ile basi lilikuwa linakuja, kwa hiyo nafasi haikuwepo kabisa. Ulitakiwa kuondoa mguu kwenye mafuta, upunguze gia, ukae nyuma ya mzee mpaka basi lipite.

Najua utasema machungwa yanawahi soko. Piga hesabu na hiyo. Mita mia moja nyuma ya baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa ni sekunde 24. Kwa mwendo wa kilomita 60 ungezimaliza kwa sekunde 6. Umepoteza sekunde 18. Mizani peke yake inakula muda kuliko huo.

Tuje kwenye honi. Ukiipiga ukiwa mgongoni kwa mtu, anashtuka na kugeuka kutazama. Anageukia kulia, kwako wewe, na bega likigeuka mkono nao unauvuta usukani kulia. Yaani umemwita aingie mbele ya tairi lako. Ukiona lazima upige, piga ungali mbali, mara moja, kwa ufupi. Na honi haimwamuru mtu ashuke kwenye lami. Tazama ukingo wa barabara ile ya Segera: kuna sehemu lami imemeguka, chini kuna mchanga na kokoto. Mwenye madumu mawili ya lita ishirini, moja kila upande wa keria, akiteremka pale tairi la mbele linazama, maziwa yanayumba ndani ya dumu, na baiskeli inamwangukia. Mara nyingi inaangukia upande wa barabara.

Halafu kuna upepo. Wanafunzi wangu huwa nawapeleka Pongwe, barabara ya maroli ya saruji, nawasimamisha nje ya lami, kila mmoja ameshika baiskeli kwa mikono miwili. Lori likipita kwa kasi, kwanza hewa inawasukuma nje, na mkia wake unapopita inawavuta ndani. Usukani unacheza mkononi, na hapo wamesimama kwa miguu yao miwili. Wakitoka hapo hawaniulizi tena kwa nini mita moja na nusu.

Utingo wako mpe kazi. Wewe umekaa kulia, ubavu wa kushoto uko mbali na jicho lako. Yeye yuko dirishani, anamwona mwenye baiskeli vizuri kuliko wewe. Akwambie "bado, bado" mpaka mkia wa gari umempita mtu kabisa, na wewe umwone mzima ndani ya kioo cha kushoto ndipo urudi. Wengi wanamwachia mtu nafasi nzuri kwa kichwa cha gari, kisha wanamchomekea kwa tairi za nyuma. Mwenye tela ndiyo kabisa, maana tela hukata kona kwa ndani.

Ukipita tena njia hiyo ukamwona yule mzee, simama mahali salama umwombe radhi. Hilo utalifanya, nakuamini.

*Mwalimu, binti yangu wa sekondari anatoka Ngamiani kwenda shule kwa baiskeli. Namwambia abane pembeni kabisa ili magari yapite. Nimekosea?*
*Mama wa Barabara ya 12, Tanga*

Ndiyo mama, mwambie asibane sana. Akipanda juu ya ukingo wenyewe, dereva anaona njia nyeupe na kujipenyeza. Akae kama nusu mita ndani, aende kwa mstari mmoja ulionyooka, asiingie na kutoka katikati ya magari yaliyoegeshwa. Magari hayo pia ayapite mbali kidogo, mlango hufunguliwa ghafla, hasa maeneo ya soko la Mgandini. Kabla ya kukwepa shimo atazame nyuma kwanza, na anyooshe mkono anapotaka kukata kona. Akichelewa masomo ya jioni awe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na begi lisining'inie kwenye keria likaifunika ile ya nyuma.