Kwa mnaoanza kazi redioni: kwanza mjue msikilizaji yuko wapi saa hiyo

Assalaam alaykum vijana. Kila tunapopokea wafanyakazi wapya studio, wengine wametoka chuoni na shahada zao, wengine kwenye redio za mjini ambako kazi ni kusema haraka na kupiga muziki, na takriban wote huanza na swali moja: nitapewa kipindi gani? Mimi huwaambia wasubiri kwanza. Redio ya umma hapa visiwani Zanzibar, ndani ya wiki moja, hubeba Qur-ani ya alfajiri, salamu za wasikilizaji, kilimo, afya ya mama na mtoto, tanzia, mpira, taarab, vipindi vya watoto na vikao vya Baraza la Wawakilishi. Hakuna mtu anayesikiliza vyote hivyo. Anayejua nani yuko karibu na redio saa ile, na mikono yake ina shughuli gani, atakiweza kipindi chochote atakachopangiwa.

Chukueni kilimo cha mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, na mpaka leo wakulima wake wengi ni wanawake. Mtayarishaji mgeni akiambiwa atengeneze kipindi chao, atakipanga saa nne asubuhi bila kufikiri mara mbili, maana ndiyo saa ambayo ratiba nyingi huiita ya kina mama. Sasa fungueni jedwali la maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji ya pwani yetu hukupwa sana mnamo saa nne hiyo hiyo. Kina mama wako nje mashambani, maji magotini, wanafunga mbegu kwenye kamba na kuvuna iliyokomaa. Redio iko nyumbani, inamsomea paka. Yakija maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, mambo hugeuka, wengi wao hawashuki pwani, na saa nne inakuwa saa njema. Kwa hiyo kipindi cha mwani kirudiwe usiku baada ya Isha, na mkitaka kwenda kurekodi, nendeni bamvua ndipo mtawakuta kazini. Kalenda ya mwezi ibandikeni ukutani karibu na ratiba. Haina gharama.

Pemba msimu wa karafuu nako kuna saa zake. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, na wengine huning'iniza redio ndogo kwenye tawi, lakini wanachosikia ni nusu nusu. Msikilizaji wa kweli hupatikana usiku, familia nzima ikiwa imekaa chini inachambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule. Kazi ile inachukua mikono na macho, masikio yako huru kwa muda mrefu. Hapo ndipo pa mchezo wa redio, hadithi ya kusomwa, mazungumzo marefu na mzee wa Konde anayeeleza karafuu zilivyokuwa zikiuzwa zamani. Nimeona watayarishaji wakikata mazungumzo ya namna hiyo yawe dakika tano kwa hofu ya kuchosha watu. Msikilizaji mwenye pishi kadhaa za kuchambua mbele yake hachoki upesi.

Sasa niseme juu ya tanzia, kwa sababu vijana wengi huziona kazi ya chini. Utawasikia wakizisoma mbio mbio ili wafike kwenye muziki. Kwangu mimi ndizo dakika zinazosikilizwa kuliko zote. Mtu anayeweza kupitisha wiki nzima bila habari za siasa hataruhusu tanzia impite, kwa sababu huenda aliyefariki ni shangazi yake. Maiti wetu hawalazwi. Akifa usiku, mara nyingi azikwe Adhuhuri. Tangazo likisomwa saa moja asubuhi, jamaa wa Makunduchi aliyeko Bumbwini anawahi gari. Likisomwa saa tano, atafika watu wanarudi makaburini.

Someni hivi: jina la marehemu, mtu wa wapi, amefia wapi, maziko ni wapi na saa ngapi, kisha majina ya mnaotaka habari ziwafikie. Halafu rudieni mahali na saa, taratibu, kama mnamwambia mtu anayetafuta kalamu. Mleta tangazo muulizeni maswali mawili kabla hajaondoka. La kwanza, marehemu alikuwa akijulikana kwa jina gani mtaani? Maana jina la kwenye kitambulisho huenda hata jirani halijui, na ukisoma hilo peke yake kijiji kizima kitabaki kinaulizana. La pili, kijiji kipi hasa? Pemba kuna Kiuyu Minungwini na kuna Kiuyu Mbuyuni, na gari zake si moja. Kusini Unguja kuna Kizimkazi Dimbani na Kizimkazi Mkunguni. Ukisema "Kiuyu" tupu umewapeleka waliofiwa kwenye msiba usio wao. Na tafadhalini, msifuatishe tanzia na tangazo la duka la fenicha lenye watu wanaocheka. Pawe na sekunde chache za ukimya, au kasida, ndipo mwendelee.

Hali ya hewa ni hivyo hivyo. Nahodha wa ngalawa hataki mbwembwe. Anataka upepo unatoka wapi, una nguvu gani, mawimbi ya mita ngapi, na tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ni ya kutoka lini hadi lini. Kusi likishika, maneno hayo ndiyo yanayoamua kama atatoka au atabaki bandarini.

Na kuna siku ratiba yote huwekwa kando. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba. Mkiwa zamu siku kama ile, muziki unatoka hewani mara moja. Idadi hamtaji mpaka itoke kwa mwenye mamlaka ya kuitoa, hata kama simu yenu imejaa ujumbe unaosema vingine. Semeni mnachojua, semeni taarifa nyingine itakuja saa ngapi, na saa hiyo ikifika mrudi kweli, hata kama hakuna jipya.

Wageni kutoka kwengine husumbuliwa na sala. Hawajui kwamba Maghribi haikai mahali pamoja. Kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Februari jua letu la kuchwa husogea kwa kiasi cha nusu saa na zaidi, kwa hiyo kipindi cha kabla ya adhana ambacho Mei kina dakika kumi, Februari kitakuwa na arubaini. Msikitengeneze kwa urefu mmoja. Kifanyeni cha vipande: mahojiano, wimbo, salamu, kipande cha kuongeza na cha kupunguza. Mgeni aliyeko studio aelezwe mapema, kwa adabu, kwamba adhana haimsubiri hata akiwa Katibu Mkuu. Mwambieni "Mheshimiwa, tukikuinulia mkono umalize sentensi," naye atafahamu.

Ijumaa asubuhi ni ya mawaidha, na mchana watu wako msikitini. Kuweka mjadala mzito saa hiyo ni kuutupa.

Ramadhani hugeuza siku juu chini. Watu huamka kula daku, kwa hiyo saa tisa usiku, ambayo miezi mingine ni ya fundi mitambo na mbu, inakuwa saa ya kusikilizwa. Alasiri wapishi wako jikoni na redio iko juu ya kabati. Vipindi vya chakula na afya vinakaa vizuri hapo. Kazi kubwa ni usiku wa 29 Shaabani, na tena usiku wa 29 Ramadhani. Tayarisheni ratiba mbili kamili, ya mwezi ukionekana na ya usipoonekana, na kanda za zote mbili ziwe mezani. Tangazo la Ofisi ya Mufti linaweza kuja mapema au likachelewa. Nyinyi mnangoja tangazo hilo. Hamtangazi mwezi kwa sababu mjomba wenu ameuona Mkokotoni.

Kwenye habari nina ushauri mmoja ambao wakubwa zangu hawakuupenda kila mara. Redio ya umma hulipwa na umma, na asubuhi mtaletewa ziara za viongozi za kutosha kujaza taarifa nzima. Mkizianza kwa cheo na orodha ya waliofuatana naye, msikilizaji keshaenda kuchota maji. Anzeni na maji yenyewe: wakaazi wa shehia fulani wamepata kisima, kaya kadhaa zilikuwa zikitembea hadi mahali fulani, nani kakizindua kifuate baadaye. Kisha mtafuteni mama mmoja aliyekuwa akitembea huko, bila sheha, kiongozi wa shehia, kusimama ubavuni mwake. Akisema kisima kimeanza kutoa maji ya chumvi, na hilo liingie. Na akizungumza Kimakunduchi au Kipemba mwacheni, msimsahihishe, msimrudishie sentensi kwa Kiswahili cha darasani.

Mwisho wa wiki ni wa michezo, watoto na muziki. Michezo haina maneno mengi: wekeni matokeo mapema na msisahau ligi ya Pemba. Taarab ndiyo huwashinda vijana. Matangazo ya redio yalianza hapa mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja, na taarab imekuwemo tangu wazee wetu wakisikilizia redio za kukusanyikia mtaa mzima. Wimbo wa taarab asilia huweza kupita dakika kumi. Unaanza na ala peke yake, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla zikijibizana, na mtangazaji kijana akisikia hakuna anayeimba hudhani pale ni mahali pa kusemea. Si mahali pa kusemea. Wasikilizaji wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu 1905, watapiga simu kabla hamjamaliza sentensi, na watakuwa na haki. Mkibakiwa na dakika sita, pigeni kidumbaki kifupi, ule muziki wa ngoma ndogo, hiyo taarab iwekeni kesho.

Jumapili jioni, kabla ya kukabidhi zamu, andikeni kwenye daftari kipi hakikwenda hewani na kwa nini. Kila sauti mliyorekodi wiki hiyo ipewe jina la anayezungumza, kijiji na tarehe, isibaki na jina la "sauti mpya 3". Kisha angalieni mwezi una siku ngapi, mjue Jumatatu saa nne kina mama wa Paje watakuwa wapi.