Ichane hiyo ratiba: usimuulize mtoto swali ambalo jibu lake unalo

Mkuu, usianze hiyo ratiba ya kumfundisha mtoto nyumbani Jumatatu. Umeandika kwamba mtoto ana miaka 3 na miezi 2, umeshanunua kadi za picha 100, umepanga nusu saa ya rangi, nusu saa ya namba, nusu saa ya maumbo, na stika moja kwa kila jibu sahihi. Halafu unauliza kadi ngapi kwa siku zinatosha, ununue vitu gani vya kuchezea, na mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu umfanyeje wakati somo linaendelea. Jibu la swali la kwanza ni sifuri. Mpango kama huo niliufuata miezi 5, na kuurudisha uchangamfu ulioharibika kulichukua muda mrefu kuliko huo.

Tatizo si kadi zenyewe. Tatizo ni swali linalokuja nazo. "Hii rangi gani?" "Ziko ngapi?" "Huyu mnyama anaitwa nani?" Jibu unalo wewe, mtoto anajua kwamba unalo, kwa hiyo hapo hakuna mazungumzo, kuna mtihani. Mtoto wa miaka 3 hawezi kukuambia kwamba amechoka kupimwa. Anakuonyesha, na dalili zinakuja kwa mpangilio ambao ni rahisi kuusoma vibaya.

Wiki ya kwanza anafurahia, kwa sababu umekaa naye. Hapo ndipo wengi tunadanganyika tukaongeza kadi. Baadaye utaona kabla ya kujibu anakuangalia usoni. Macho yameshaondoka kwenye kitu, yanatafuta jibu kwenye nyusi zako. Kisha majibu yanaanza kuja kwa sauti ya kuuliza: "Nyekundu?" Ukinyamaza kidogo anabadilisha haraka: "Bluu? Kijani?" Anabahatisha mpaka utabasamu. Kisha inakuja "sijui" kwa vitu ambavyo juzi alivitaja mwenyewe bila kuulizwa. Ukifika hapo, wewe unadhani amesahau, unaongeza muda wa somo. Hajasahau kitu! Amegundua kwamba asiyejibu hakosei. Mwisho wake anacheza vizuri akiwa peke yake, na ukikaa karibu anaacha, anaondoka. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma, na ndiyo inayochukua miezi kurekebisha.

Kuna na hasara ambayo huioni kabisa. Mchezo wa kuigiza huchukua muda kuiva. Mtoto anakusanya vitu, anapanga nani ni nani, anabadilisha mawazo, anaanza upya. Dakika 10 hadi 15 zinaweza kupita kabla hujaona kinachoeleweka. Wewe unaingia dakika ya sita na "mto huu wa kulalia una pembe ngapi?" Kwake huo si mto. Ni mlango wa meli, na meli imezama papo hapo. Mchezo uliokatwa hivyo mara chache hurudi ulipoachwa.

Tusidharau meli hiyo. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti, alieleza mwaka 1933 jinsi kijiti kinavyokuwa farasi mikononi mwa mtoto: anajifunza kutenganisha maana na kitu anachokiona. Kijiti kinasimama badala ya farasi. Baadaye alama kwenye karatasi itasimama badala ya sauti, na tutaita kusoma. Kwa hiyo mtoto anayesema boksi ni meli anafanya kazi ngumu kuliko anayekariri jina la umbo. Ukimwambia "hapana, hilo ni boksi", au "ng'ombe haruki angani", umemrudisha nyuma huku ukidhani unamfundisha ukweli. Anajua kwamba ni boksi. Jaribu kulitupa kama boksi uone.

Stika nazo zitoe leo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, Marekani, walichukua watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Kundi la pili walipewa cheti hicho kwa kushtukizwa, bila ahadi. La tatu hawakupewa chochote. Wiki moja hadi mbili baadaye, walipoachwa huru, wale walioahidiwa walichora kwa muda wa karibu nusu ya wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Kinachoua ni mkataba: fanya hiki nikupe kile. Na mpango wako ni mkataba mtupu, stika kwa jibu, kila siku.

Sasa niseme kuhusu hawa wanaouza "programu za kumwandaa mtoto nyumbani". Aliyenipa ile ratiba alikuwa anajiita mtaalamu wa malezi, na nilipomwambia mtoto ameanza kunikimbia alinijibu niongeze msimamo. Msimamo! Kwa mtoto ambaye bado anajikwaa kwenye ndara za mama yake. Hawa watu wanauza kadi na ratiba kwa sababu vitu hivyo vinafungika kwenye boksi. Mzazi kukaa sakafuni na kufunga mdomo hakufungiki kwenye boksi, kwa hiyo hakuna atakayekutangazia. Wanakutisha kwamba jirani ana mtoto anayehesabu mpaka 50, wewe unapaniki, unanunua. Nina hasira nao mpaka leo, na sitaomba radhi kwa hilo.

Kanuni ni moja tu: mtoto akiwa mchezoni, usimuulize swali ambalo jibu lake unalo. Ukiishika hiyo, mengine mengi yatajipanga yenyewe. Ukiivunja, hata ununue vifaa vya chekechea nzima, utakuwa umefungua chumba cha mtihani sebuleni.

Namna ya kuishika ni hii. Kaa chini, macho yako yawe usawa wa macho yake, na utazame dakika 2 au 3 bila kusema kitu. Utaona ni ndefu mno. Kisha sema unachokiona, si unachotaka kusikia: "Umeweka kile kirefu chini." Akinyamaza, nawe nyamaza. Akisema neno, lirudishe limeongezwa kidogo. Yeye: "Gari." Wewe: "Gari limekwama darajani." Usiliongeze kwa hotuba, maneno mawili matatu yanatosha. Ukitaka kuuliza, uliza kile ambacho yeye peke yake anakijua: "Mimi ni nani hapa?" "Nikae wapi?" "Huyu analia kwa nini?" Kisha hesabu moyoni mpaka tano. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa Marekani, aliona walimu wakisubiri jibu kwa kama sekunde 1 tu, na walipofikisha 3 majibu ya wanafunzi yalirefuka. Hao walikuwa watoto wa shule. Mtoto wa miaka 3 anatafuta neno, anatafuta sauti yake, na bado ameshika kitu mkononi. Mpe tano, hata saba.

Kuchora ni hivyo hivyo. Usiulize "hii ni nini?", kwa sababu mara nyingi si kitu, ni mkono uliofurahia kuzunguka. Sema "umezungusha, umezungusha, halafu ukakandamiza hapa." Na usimchoree mfano wa nyumba. Akishaona nyumba yako, yake inakuwa mbaya machoni pake, na kesho utasikia "nichoree wewe".

Najua utauliza: sasa rangi na namba atazijulia wapi? Kwenye shughuli, palipo na haja ya kweli. "Nipe lile shati la kijani, siyo lile refu" inambeba kwenye rangi na ukubwa kwa pamoja, na kama akileta la bluu unasema "hili la bluu nalikunja huku, lile la kijani liko chini yake." Hakuna kosa lililotangazwa, na neno amelipata. Kupanga soksi jozi kwa jozi, kurudisha vijiko na uma kila kimoja mahali pake, kujaza chupa kwa kikombe kidogo na kuona vikombe vingapi vimeingia: hayo ni masomo kamili.

Kwa namba elewa kitu kimoja, kitakuokolea mapambano mengi. Kuimba moja hadi ishirini si kuhesabu. Mtoto anaweza kuimba bila kukosea, ukimwambia "niletee vijiko vitatu" anakamata vyote vilivyoingia mkononi. Si ukaidi, na wala hana tatizo. Watoto huielewa "moja" kwanza, miezi kadhaa baadaye "mbili", miezi mingine tena "tatu", na wengi huelewa kwamba namba ya mwisho waliyoitaja ndiyo idadi ya vyote wakiwa na miaka kama 3 na nusu hadi 4, wengine baadaye kidogo. Kwa hiyo mtoto wako kwa sasa pengine yuko kwenye mbili au tatu. Mtume vitu viwili, kisha vitatu, wakati unavihitaji kweli. Bora zaidi mpe kazi ya kugawa: sahani moja kwa kila mtu. Akikosea, kuna mtu hana sahani, na mtu huyo atasema. Kosa limejisahihisha bila wewe kufungua mdomo.

Vitu vya kuchezea: vichache. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwatazama watoto 36 wa miezi 18 hadi 30, mara moja wakiwa na vitu 4 na mara nyingine wakiwa na 16. Kwenye vinne walikaa na kila kitu muda mrefu zaidi na kukichezea kwa njia nyingi zaidi. Weka vinne au vitano sakafuni, vingine vifiche, badilisha baada ya wiki moja au mbili.

Kama utatengeneza kimoja tu, tengeneza vipande vya mbao vya kujengea. Uwiano wa unene, upana na urefu uwe 1:2:4, kwa mfano sm 3.5 kwa 7 kwa 14. Kata 20 vya namna hiyo, 10 vya nusu urefu (sm 7), na 6 vya urefu maradufu (sm 28). Hapo ndipo mtoto anagundua mwenyewe kwamba viwili vifupi vinalingana na kimoja kirefu, bila kuulizwa na mtu. Kosa la kawaida ni kuchora mistari yote kwenye ubao kabla ya kukata: msumeno unakula mm 2 au 3 kila mkato, vipande vinatoka vifupi na mnara unaegemea. Pima, kata, ndipo upime kinachofuata. Piga msasa namba 120 kisha 220, zungushia kingo zote, usipake vanishi. Mbao zenye uso laini mno huteleza zikipangwa.

Unga wa kufinyanga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vikubwa vya mafuta, na maji karibu kikombe 1, ukiyatia kidogo kidogo. Ukinata ongeza unga kijiko kwa kijiko. Ukipasuka lowesha mikono kisha ukande tena. Funga kwenye chombo kisichopitisha hewa. Chumvi ni nyingi, kwa hiyo usiwe wa kuonjwa, na mdogo asiachwe nao peke yake.

Kuhusu huyo mdogo, chukua kiini cha karatasi ya choo, kile kibomba cha katikati. Kinachopita ndani yake hakibaki sakafuni akiwepo. Betri bapa za vifungo ziondoke kabisa nyumbani au zifungiwe, kwa sababu ikimezwa inaunguza koo ndani ya masaa machache. Beseni la maji ya kuchezea limwagwe dakika ile ile mchezo unapoisha. Maji ya sm chache yanatosha kumzamisha mtoto. Hahitaji somo lake tofauti. Atabeba, atamwaga, ataangusha mnara wa kaka au dada yake, nawe utasema "umeanguka wote", ndipo wajenge tena.

Kabla hujanijibu kwamba wewe huulizi sana, fanya hivi leo jioni. Weka simu irekodi sauti dakika 10 ukiwa unacheza naye, iweke mbali asiione. Akilala, sikiliza na karatasi yenye safu mbili: maswali ambayo jibu ulikuwa nalo, na maswali ambayo jibu alikuwa nalo yeye. Rekodi yangu ya kwanza ilikuwa na 31 upande mmoja na 2 upande wa pili. Lete namba zako hapa.