Maswali ya wasomaji: Mbona binti wa filamu yetu anaonekana mtu mzima?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mimi ni mlezi wa klabu ya sanaa katika sekondari ya kutwa, Morogoro. Vijana wangu wamepiga kwa simu filamu ya dakika 12: msichana wa Kidato cha Tatu anasumbuliwa na dereva wa bodaboda. Mwigizaji ana miaka 16 kweli, lakini kila anayeitazama anamwona mwanamke mzima, na wengine wanasema "amejitakia". Tumekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, kasoro haiko kwa binti. Rudieni shoti inayomwingiza. Kwenye filamu nyingi za wanafunzi mhusika wa kike huanzia miguuni: kamera iko chini, inapanda polepole magotini, kiunoni, kifuani, na uso unakuja mwisho. Ukifika uso, mtazamaji ameshaamua anatazama nini. Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, aliliandika hili tangu 1975, kwamba sinema humkalisha mtazamaji kwenye macho ya mwanamume. Kwenu ni zaidi, maana mwanamume mwenyewe ndiye msumbufu. Hadithi inamlaumu, kamera inamuunga mkono, na watu huamini kamera.

Mwingizeni akiwa na shughuli. Ananakili hesabu za mwenzake kabla mwalimu hajaingia, au anafunga kamba ya kiatu huku anawahi namba. Kamera ikae kimo cha macho yake. Akiwa kwenye dawati ni kama sentimita 110 kutoka sakafuni. Simu msiisogeze usoni, kwa sababu lenzi pana ikiwa karibu huvuta pua na midomo mbele. Simameni mita moja na nusu hadi mbili, mtumie 2x (lenzi ya kukuza mara mbili) kama simu inayo. Tukio la bodaboda ligeuzeni: kamera ibaki upande wa msichana, tumwone dereva kama anavyomwona yeye, yaani helmeti, kioo cha pembeni, mkono unaozima injini. Kama nafasi ya kurudia ni ya siku moja, rudieni hayo mawili tu.

Mavazi: sketi ya sare iliyoanza kumbana, begi lenye zipu mbovu, nywele kama shule inavyotaka. Wanja na rangi ya mdomo viondoke. Poda kidogo kwenye paji la uso inatosha kuua mng'aro.

Halafu maneno. Hakuna mtoto wa miaka 16 anayemwambia rafiki yake "nimetafakari kwa kina hatima yangu". Mpeni mwigizaji maana ya tukio, aliseme kwa maneno yake, mrekodi, kisha mwandike alichosema pamoja na "yaani" zake na sentensi alizoziacha njiani.

Kabla ya kuhariri upya, gawa karatasi safu mbili. Kwa kila shoti andika nani anatazama na nani anatazamwa. Jina la binti likijaa safu ya pili peke yake, muziki hautawaokoa.

SWALI: Shule yetu ni ya wasichana, bweni. Nani aigize baba? Tulichora masharubu kwa wanja, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

JIBU: Baba si lazima aonekane uso. Mpeni bega kwenye kona ya picha, saa mkononi, viatu mlangoni, na sauti ya mwanamume mzima, hata mlinzi wa shule akikubali. Sauti irekodiwe peke yake: simu sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, ndani ya chumba chenye magodoro na mablanketi.

Ikibidi msichana aonekane, asilazimishe sauti nzito. Huo ndio mlango wa kicheko. Azungumze taratibu zaidi, amalize kukaa kitini ndipo ajibu, asigeuze kichwa kila anapoitwa.

Na mkiwa hapo, mwangalieni mama pia. Mama wa filamu za shule ana mgongo uliopinda, mkongojo na poda nyeupe kichwani inayodondoka mabegani. Mama wa binti wa miaka 16 anaweza kuwa na miaka 38. Anajitwika ndoo ya lita 20 na kusimama wima. Mkimzeesha hivyo, ugomvi wake na bintiye unageuka kuwa wa bibi na mjukuu. Kitenge, funguo shingoni na simu isiyokoma kuita vinatosha.

SWALI: Hamjambo. Niko Kisumu, ninaongoza filamu ya tamasha. Mvulana wetu analia baada ya kufiwa na kakake, na watu wanacheka. Je, tuondoe machozi?

JIBU: Yaacheni, ila yachelewesheni. Watu hucheka mkikata ghafla hadi klosapu (picha ya karibu) ya uso uliokunjamana huku kinanda kimepanda. Mwanzeni mgongoni, anasugua viatu vya marehemu. Shikeni shoti hiyo sekunde nane bila muziki, brashi isikike. Brashi ikome, ndipo mwende upande wa uso, si mbele. Asijifute kwa kiganja kizima kama jukwaani. Ondoeni pia rafiki anayesema "mwanaume halii", isipokuwa kama hadithi itamjibu baadaye. Bila jibu, sentensi hiyo inakuwa msimamo wa filamu.

SWALI: Tuna wasichana saba na wavulana watatu. Hapo usawa upo?

JIBU: Haujulikani bado. Kipimo kilichotokana na katuni ya Alison Bechdel ya 1985 kinauliza: je, kuna wanawake wawili, wanaozungumza wao kwa wao, kuhusu jambo lisilo mwanamume? Baada ya hapo hesabuni maamuzi. Tumeona miswada ambamo wasichana saba wanalia, wananong'ona na kusubiri, huku kila tukio likisukumwa na mvulana mmoja.

SWALI: Tunaweza kuiweka YouTube?

JIBU: Mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, Kenya na Tanzania, hivyo mzazi au mlezi asaini kabla ya kupiga picha, na karatasi itaje mtandao waziwazi. Kenya, filamu ya kuonyeshwa hadharani huainishwa na bodi ya filamu kwa alama za GE (watazamaji wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 au 18. Zimeni sehemu ya maoni tangu siku ya kwanza, maana mara nyingi wanaojadiliwa maumbile humo ni wasichana.